Kumi na Tisa Waliompita Bawabu

Jumatatu asubuhi Fundi alimfukuza mama mmoja dirishani kwa adabu zote za kazi. Hakupaza sauti wala kukunja uso. Alimsomea tu maneno yaliyobandikwa ukutani, kwamba mwombaji asiyepata namba ya kupokelewa atahesabiwa hakuomba, kisha akamwonyesha kwa kidole yalipobandikwa, kana kwamba ukuta ndio uliosema.

Mama huyo alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali iliyopakana na chuo cha uuguzi chenye dirisha hilo. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa maji na dawa, vidole vimejikunja kana kwamba bado vinakamua kitu.

"Kaka yangu," alisema, "mtoto ametuma hiyo fomu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nimekaona kwa macho yangu kale kaduara, kakazunguka, kakazunguka, kakasimama."

"Kusimama si kufika, mama."

"Kwa hiyo kalikwenda wapi?"

Foleni ikacheka. Fundi naye akacheka, na hapo ndipo alipoharibu zaidi, maana kicheko cha mtu aliye ndani ya dirisha huwa kama kimepigwa muhuri. "Mama, kompyuta haisahau. Ingekuwa imeingia, ingekuwa imeandikwa. Aliyejaza amekosea mahali. Mwambie ajaribu mwaka ujao."

"Mwaka ujao," mfuaji akarudia polepole, kama mgonjwa anayeelezwa dawa atakunywa kutwa mara ngapi. Akafunga mkoba wake. Akashukuru. Fundi alikuja kukumbuka hilo kuliko mengine yote, kwamba yule mama alishukuru.

Dirishani hapakuwa mahali pake hasa. Alikuwa amemshikia mtu aliyekwenda kunywa chai. Kazi yake ilikuwa chumba cha ndani, chenye kompyuta tatu na kiti kimoja cha magurudumu, na humo alikuwa mfalme.

*

Jioni ile mkewe alikuwa kwenye cherehani pale sebuleni, kitambaa cheupe kimemwagika mpaka sakafuni. Alikuwa na oda ya sare za chuo, kwa wale sitini watakaochaguliwa. Lakini sare moja aliikata mapema, kabla ya nyingine zote, kwa vipimo visivyohitaji futi kwa sababu anavijua kwa macho. Ile aliiweka kwenye mfuko peke yake.

Mwenye vipimo hivyo alikuwa binti yao, aliyekaa kwenye mkeka akishona vifungo. Nyumbani walimwita Nesi. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, alipoufunga bandeji mguu wa meza na kuikataza meza isitembee kwa wiki mbili, na meza, kwa heshima zake, haikutembea. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa na bado hakuwa amebadili mawazo.

"Baba," alisema bila kuinua macho, "namba ya kupokelewa huchukua siku ngapi kufika?"

"Siku? Dakika. Bawabu wangu halali."

"Basi mimi leo ni siku ya nne."

Cherehani ikanyamaza.

"Ulituma lini?"

"Ijumaa. Saa tisa na nusu. Walikuwa wanafunga saa kumi."

"Na kwa nini usubiri mpaka wanataka kufunga mlango?"

"Cheti kilichelewa kutoka shuleni. Wewe ndiye uliyekwenda kukifuata, baba."

"Mara tatu," mama akaongeza. "Ya tatu ukarudi soli unayo mkononi."

Fundi akakaa vizuri. "Labda hukubofya pale mwisho. Au umekosea ma..." Sentensi ikamfia mdomoni. Aliisikia sauti yake mwenyewe ya asubuhi, na foleni ikicheka.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilidhani itakuja," Nesi akasema. "Halafu sikutaka wenzako waseme mtoto wa Fundi anapitia jikoni."

*

Bawabu hakuwa mtu. Alikuwa programu fupi, mistari isiyofika mia mbili, ambayo Fundi aliiandika baada ya kujifundisha kazi hiyo kwa vitabu vilivyotupwa na maktaba. Kazi ya Bawabu ilikuwa kukaa mlangoni mwa folda moja tu, ile zinamoangukia fomu za waombaji. Kila fomu ikiingia, mfumo endeshi, yaani ule unaoiendesha kompyuta yote, humgusa bega Bawabu na kumpa habari mbili: kuna kitu kimeingia, na jina la faili lenyewe ni hili. Bawabu hulichukua lile jina, akaifungua fomu, akamwandika mwombaji daftarini na kumtumia namba kwenye simu.

Shida ni kwamba mfumo nao hukurupuka. Siku ya msongamano humgusa bega Bawabu, ukamwambia kuna kitu kimeingia, na pale palipotakiwa jina pakawa patupu. Haikuwa siri. Kitabu cha maelekezo kilisema wazi kwamba jina linaweza kukosekana, na Fundi aliusoma mstari huo, akaupigia mstari mwingine chini yake kwa kalamu nyekundu, kisha akageuza ukurasa.

Mwaka wa kwanza, kila alipokosa jina, Bawabu alizirai, programu yote ikasimama. Alizirai mara tatu siku ambayo wajumbe wa bodi walikuwa wanatembezwa. "Fundi," Msajili alimwambia mbele yao, "mtu wako kaanguka tena. Tumpepee?" Mwaka wa pili Fundi akamfundisha kubuni: ukikosa jina, chukua la aliyetangulia. Kijana mmoja akapokea namba saba tofauti. Baba yake akaja chuoni amevaa koti jipya, akitaka kujua kama mwanawe atahitimu mara saba au watampunguzia. Msajili, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba na ulimi usiofungwa na chochote, aliisoma barua ya mzee huyo kwenye mkutano wa wafanyakazi wote, na akairudia palipochekesha.

Baada ya hapo Fundi aliandika mstari mmoja mfupi. Kama hakuna jina, achana nalo.

Tangu siku hiyo Bawabu hakuzirai wala hakubuni. Kimya kikawa kizuri mno. Mkuu wa chuo alimpa Fundi mkono mbele za watu na kumpa kile kiti cha magurudumu. Kilikuwa kiti cha kweli. Ukikikalia unasahau mambo.

*

Jumanne, wenzake walipokwenda kula, Fundi alifunga mlango akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka miwili: alihesabu. Hakumuuliza Bawabu ameandika wangapi. Aliiuliza folda yenyewe ina fomu ngapi.

Daftari lilikuwa na watu mia nne na kumi na wawili. Folda ilikuwa na fomu mia nne thelathini na moja.

Akahesabu tena. Kompyuta haichoki kuulizwa, ikamjibu vilevile.

Akazitoa zile kumi na tisa, akazifungua moja baada ya nyingine. Zote zilitumwa Ijumaa, baina ya saa tisa na saa kumi, zilipokuwa zinaanguka kama maembe ya upepo. Zote zilikuwa kamili, zina tarehe na saa iliyo ndani ya muda, vyeti vimebanwa vizuri. Ya kumi na nne ilikuwa na picha ya binti yake, amekaza midomo kwa sababu alikuwa amekatazwa kucheka. Ya sita, kwenye kazi ya mzazi, ilikuwa imeandikwa "mfuaji".

Fundi akanyoosha mgongo. Kiti kikarudi nyuma chenyewe, kikamgonga kwenye kabati.

Kurekebisha ya Nesi ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Unaifungua fomu, unaihifadhi tena palepale. Mfumo unamgusa bega Bawabu, safari hii na jina lake, Bawabu anaandika, namba inakwenda. Hakuna uongo ndani yake. Saa ya kutumwa ni ileile, na maksi ni zilezile za shule. Hata malaika mwenye kalamu asingepata cha kuandika.

Nafasi zilikuwa sitini, na waombaji hupangwa kwa maksi, juu kwenda chini. Fundi akatengeneza nakala ya daftari kwa majaribio, akamwingiza Nesi peke yake. Wa hamsini na saba. Akapumua mpaka kioo cha kompyuta kikapata ukungu.

Kisha, bila kujua kwa nini, akawaingiza na wale kumi na wanane. Sita kati yao walikuwa na maksi nyingi kuliko Nesi. Mtoto wa mfuaji alipanda mpaka wa arubaini na tisa. Nesi akashuka, akasimama kwenye sitini na tatu.

Alizichapa orodha zote mbili kwenye karatasi moja, mbele na nyuma, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Wenzake waliporudi wakamkuta anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Fundi, hujala?"

"Nimeshiba."

"Umekula nini na chombo chako kimefungwa hivi hivi?" tarishi akamuuliza. "Au siku hizi Bawabu anakulia?"

*

"Kwani ungekuwa unaiba?" mkewe akauliza jioni. Karatasi ilikuwa juu ya cherehani, imekunjuliwa, na yeye aliigeuza mbele na nyuma kama mtu anayetafuta upande wa kuvaa.

"Siibi."

"Ungekuwa unaandika uongo?"

"Ni ukweli mtupu. Ametuma ndani ya muda."

"Basi tatizo liko wapi, baba watoto?"

"Liko kwa wale kumi na wanane."

"Wana baba zao."

"Hawana baba aliyemwandika Bawabu."

Mkewe akaiweka karatasi chini taratibu, jambo baya kuliko kuitupa. "Nisikilize. Miaka yote unawatengenezea watu mambo yao. Simu za majirani, redio za majirani, mpaka pasi ya yule jirani asiyetusalimia. Leo kitu chako mwenyewe kimeharibika, mtoto wako mwenyewe yuko ndani, na mkono unaogopa kufika. Huyu amekaa mwaka mzima akinisaidia vifungo akingoja hiki chuo. Mwaka mzima."

"Najua."

"Hujui. Wewe huwa uko kwenye kiti chako."

Neno hilo lilimwingia. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki kwa sauti, bomba la pamoja likimwagika.

"Na ukisema," mkewe akaendelea kwa sauti ya chini, "watakuacha kazini?"

"Sijui."

"Unajua."

Nesi alikuwa amesimama mlangoni muda wote, sindano yenye uzi mweupe mkononi. Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja, na yeye akarudi hatua moja nyuma.

"Mimi msiniulize," alisema. "Mkiniuliza nitasema baba anihifadhi mimi tu, kesho asubuhi, kabla wenzake hawajafika. Nitasema bila hata kufikiri. Halafu itabidi nikae na ninyi humu ndani baada ya kusema hivyo. Kwa hiyo msiniulize."

Hakuna aliyemuuliza. Akarudi kwenye mkeka na kuendelea na kifungo, akakishona mahali pasipo na tundu, akakifumua, akaanza upya.

Asubuhi Fundi alikuta shati lake jeupe limetundikwa kwenye kitasa cha mlango, mikono yake imenyooka kama ya askari. Mkewe alikuwa amempa mgongo, ananyunyizia maji mkaa wa pasi uzime.

"Kama ni kufukuzwa," alisema, "ufukuzwe umepigwa pasi."

*

Msajili alimsikiliza bila kumkatiza, na kwa mtu aliyemfahamu hiyo ilikuwa dalili ya hatari. Alipomaliza, mama huyo akainua simu ya mezani akamwita Mkuu wa chuo. Mkuu akaja na kikombe chake, akakaa pembeni, akamwacha Fundi amesimama ingawa viti vilikuwepo.

"Rudia," Msajili akasema. "Kwa lugha ya binadamu."

"Bawabu akiguswa bega bila kupewa jina, mimi nilimwambia asijali. Kwa hiyo Ijumaa waliingia watu kumi na tisa, yeye akaguswa, akakaa kimya. Fomu zao zipo. Hazikuandikwa tu."

"Ulimwambia asijali."

"Ndiyo, mama."

"Mstari huo una umri gani?"

"Miaka miwili."

Mkuu akashusha kikombe. "Na mwaka jana?"

"Folda ya mwaka jana tuliifuta baada ya masomo kuanza. Siwezi kujua walikuwa wangapi. Huenda hakuna hata mmoja. Wanaweza kuwa wengi."

Mkuu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata njia ya kutokea. "Orodha inatoka keshokutwa," alisema. "Kuna aliyelalamika?"

"Mama mmoja mfuaji. Nilimfukuza."

"Mwingine?"

"Binti yangu."

"Ahaa," akasema Msajili. Alivua miwani, ikaning'inia kifuani kwa kamba yake. "Ahaa. Kwa hiyo mwanao ndiye kakwama, na hawa kumi na wanane umewaleta wamsindikize."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa, kwa kutukanwa, hata kwa polisi. Kwa hilo hakujiandaa. Masikio yalimwaka moto. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani, akaikunjua kwa viganja vyote viwili.

"Upande huu ni yeye peke yake," alisema. "Wa hamsini na saba. Upande wa pili ni wakiingia wote."

Msajili akavaa tena miwani. Akasoma upande wa kwanza. Akageuza, kidole chake kikateremka polepole kupita hamsini, kupita sitini, kikasimama. Kilikaa pale. Hakuomba radhi, maana hakuwa na mazoea hayo, lakini aliiinua karatasi akampa Mkuu, na sauti yake iliporudi ilikuwa imepoteza kachumbari zake zote.

"Mtengeneze," alisema. "Hapa, mbele yangu. Na uwe unaniambia unachomwambia."

Wakaenda wote watatu kwenye chumba cha ndani. Fundi akaufuta mstari ule mfupi, na kuufuta kulichukua muda mdogo kuliko kukohoa. Kisha akaandika mingine, akisema huku anaandika.

"Ukiguswa bega, kwanza angalia kama umepewa jina. Ukipewa, fanya kazi yako. Usipopewa, usizirai. Usibuni la mwingine. Usinyamaze. Inuka uende mwenyewe ndani ya folda, uangalie fomu zote toka ya kwanza, ulinganishe na daftari. Usiyemwona daftarini, mwandike. Uliyekwisha kumwandika, usimwandike mara ya pili."

"Na kama hakuguswa kabisa?" Msajili akauliza.

Swali lilikuwa zuri mno. Fundi akamtazama kwa mara ya kwanza kana kwamba wanafanya kazi pamoja. "Basi kila saa ainuke tu, hata asipoguswa."

"Andika na hilo."

Akaandika. Akamwamsha Bawabu, akamgusa bega bila jina, kwa makusudi. Kwenye skrini daftari likaanza kuongezeka. Mia nne na kumi na tatu. Na nne. Na tano. Ilipofika mia nne na ishirini na sita Fundi aliangalia dirishani, nje, ambako hakukuwa na kitu. Mia nne thelathini na moja, ikasimama.

"Kiti hicho," Mkuu akasema, "mpe mwenzako. Chumba hiki pia. Wewe kuanzia leo ni wa dirishani."

Tarishi ndiye aliyekisukuma kile kiti kwenye korido, na kwa aibu yake akakisukuma mbio, magurudumu yakicheka mpaka mwisho wa jengo. Dirishani walimpa stuli. Ilikuwa na miguu minne, mitatu ikigusa sakafu.

*

Nesi alimpokea mlangoni na simu mkononi.

"Imefika saa tano na robo. Mia nne ishirini na sita." Alimsogezea simu, kisha akaitazama tena yeye mwenyewe. "Na wewe?"

"Dirishani."

"Angalau hawajakutoa nje."

"Angalau."

Mama yake alikuwa kwenye cherehani. Alikanyaga kwa kasi hata meza yote ikatetemeka, na katika nyumba ile ndogo hapakuwa na mahali pa kukaa ambapo mtetemo huo haukufika.

Ijumaa orodha ilibandikwa, majina sitini, chini yake pametiwa mstari mnene. Chini ya mstari hapakuandikwa mtu. Nesi hakwenda kuangalia. Alisema ana vifungo.

Mfuaji alikuja saa sita, bado amevaa aproni ya kazini, viatu vimelowa. Hakujua kusoma haraka. Alipitisha kidole jina moja moja, midomo ikicheza, watu wakimpisha na wengine wakimsukuma. Kwenye la arubaini na tisa kidole kikasita, kikarudi mwanzo wa jina, kikalisoma tena. Hakuruka wala hakulia. Aliuweka mkono wote juu ya karatasi, kiganja kizima, kama mtu anayepima homa.

Alipokuwa anaondoka akapita dirishani.

"Kumbe kalifika," alisema.

Fundi akasimama. Stuli ikaanguka nyuma yake. "Kalifika, mama. Siku ileile kalifika. Mimi ndiye sikwenda kuangalia."

Mfuaji alimtazama muda mrefu kidogo. Safari hii hakushukuru. Akafunga mkoba wake akaenda, na Fundi aliona ni haki.

Sare zilishonwa, sitini, na zikalipwa kama zilivyopatanwa. Nesi alipiga pasi zote, akazikunja, akazifunga kumi kumi kwa kamba. Kuna siku mama yake alimkuta ameushika mfuko ule wa peke yake. "Niifumue?" mama akauliza. "Kitambaa bado kizima. Kitatoa foronya za mito." Nesi akaurudisha juu ya kabati. Wiki nyingi zilipita kabla mume na mke hawajarudi kuongea mambo yasiyo ya lazima, na yalipoanza tena yalianza na pasi ya jirani asiyesalimia, ambayo iliharibika mara ya pili.

*

Mwaka uliofuata, siku ya kufunga, foleni ilizunguka jengo. Kwenye ukuta tangazo la zamani lilikuwa limefunikwa na karatasi nyingine, yenye mwandiko wa Msajili mwenyewe: asiyepata namba aje dirishani. Fundi alikuwa amekwishazoea stuli. Alijua kuweka uzito wapi. Kwa mwaka huo mzima alikuwa ameinuka mara nyingi hata soli za viatu zikamlalamikia, na mara nyingi aliporudi ilikuwa kweli mtu amekosea, hakubofya, au alituma picha ya paka badala ya cheti. Alikwenda hata hivyo. Mara nne katika mwaka aliwakuta: fomu imefika, daftarini hawamo.

Saa tisa na dakika arubaini akasema, "Anayefuata," bila kuinua macho, na anayefuata akasogea.

"Una namba?"

"Bado haijaja."

Fundi akainua macho. Alikuwa amevaa gauni lake la kawaida, kidole cha shahada kina plasta, sindano ya mama yake haina urafiki. Hakumwambia asubuhi kama atakuja. Hakuwa amemwambia hata kama ameomba tena.

"Umetuma saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Jina?"

Nesi akatabasamu kidogo, upande mmoja. "Unalijua, baba."

Nyuma yake foleni ilikuwa inawatazama, mamia ya macho, kila mtu na simu yake mkononi.

"Hapa silijui," Fundi akasema. "Litaje."

Akalitaja, majina yote matatu, kwa sauti ya kusikika. Fundi akaliandika lote kwenye karatasi, akamsomea ahakikishe, kisha akainuka kwenye stuli akaenda ndani kuangalia.